Kifaransa cha Ubaoni

Nafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari Kahororo, mjini Bukoba, na somo ninalolipenda kuliko yote ni ule wakati uliopita unaoitwa imparfait. Ni rahisi kulifundisha. Unachukua kitenzi katika nafsi ya "sisi", nous parlons, unakata kile kimkia cha -ons, unabaki na parl-, kisha unabandika miisho: je parlais, tu parlais, elle parlait. Nawaambia wanafunzi kwamba kwa Kiswahili ni "nilikuwa nikisema", jambo lililokuwa likiendelea au likijirudia. Darasa zima linaitikia kwa sauti, nami najiona mwalimu kweli.

Kifaransa hicho nilikipata chuoni, ubaoni na vitabuni. Sikuwahi kukaa na watu wanaokiongea wakiwa jikoni au njiani. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuona haja ya kulitangaza.

Dada yangu mkubwa alikuwa mtawa. Shirika lake lilimpeleka Afrika Magharibi, akaishi huko miaka mingi, akaugua, akafa, akazikwa huko huko. Mama yetu hakuliona kaburi. Kwa hiyo tuliposikia kwamba sista mmoja aliyeishi naye nyumba moja anakuja Bukoba, na kwamba anataka kufika nyumbani kwetu Muleba kumpa mama pole, uwanja ulifagiwa na ndugu wakaitwa. Mgeni aliongea Kifaransa; hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Mama hakuhangaika. Aliwaambia majirani, "Mkalimani ninaye. Nimemzaa mwenyewe."

Nilimchukua sista mjini. Alikuwa mama mtu mzima, mchangamfu, na njia nzima aliongea haraka, maneno yakimtoka kama yameunganishwa na gundi. Kila aliponyamaza nilijibu, "Oui, ma sœur," ndiyo, sista. Nilijipa moyo kwamba mbele ya watu atapunguza mwendo.

Hakupunguza. Tulipokwisha kula bitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, alisimama karibu na kiti cha mama, akamshika bega, akaanza. Nilisimama upande wa pili nimefunga mikono nyuma, kama ninavyosimama darasani. Miisho niliisikia vizuri mno. Kila kitenzi kilimalizikia kwa sauti ile ile ninayoifundisha, na nilijua bila shaka kwamba anasimulia mambo ambayo dada yangu alikuwa akiyafanya siku zote. Kilichonipita ni vitenzi vyenyewe.

Chantait nilikikamata. "Alikuwa akiimba," nikasema, na mama akatikisa kichwa kukubali. Travaillait. "Alikuwa akifanya kazi." Watu wakaguna kwa heshima. Kisha sista akashusha sauti, akasema jambo refu kuhusu jioni, na ndani yake nikasikia neno ambalo nilidhani nalijua.

"Jioni," nikatangaza, "mara nyingi mvua ilikuwa ikinyesha, naye alikuwa akimfikiria mama yake."

Mama akatabasamu. "Kumbe huko nako mvua inanyesha kama kwetu!" Wanawake waliokaa kwenye mkeka wakacheka, maana Muleba na mvua tunajuana.

Sista alitutazama mmoja mmoja. Sijapata kuuona uso uliochanganyikiwa vile. Alimtazama mama anayetabasamu, akanitazama mimi, halafu akainua kidole, akakichora polepole kutoka chini ya jicho lake hadi kidevuni. Akarudia upande wa pili. "Elle pleurait," akasema.

Uwanja mzima ulielewa kabla yangu. Kulia ni pleurer. Kunyesha ni pleuvoir. Elle pleurait, il pleuvait: nimeyaandika yote mawili ubaoni, na nimewakata wanafunzi alama kwa kuyachanganya.

Masikio yaliniwaka. Tabasamu la mama lilitoweka, naye akaniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, "Alikuwa akilia nini, mwana wange?"

Nilimuuliza sista. Akajibu kwa maneno mengi, na sikuambulia kitu.

"Sijaelewa, Mama."

"Mwambie arudie polepole."

Ilibidi niombe hivyo mbele ya ukoo wote na majirani. Sista akarudia, safari hii akinikatia vipande vidogo kama mtu anayemlisha mtoto uji. Dada yangu alikuwa akitaka kurudi nyumbani. Hakuwa akiomba ruhusa. Alikuwa akisema kwamba mama amemtoa kwa Mungu mbele ya parokia nzima, na kwamba akirudi atamwaibisha.

Nilitafsiri hayo nikitazama viatu vyangu. Mama alisimama, akamshika sista mkono, wakaingia pamoja kibanjani, katikati ya migomba, bila mimi. Kutoka pale nilipobaki niliwasikia, mmoja akiongea Kihaya na mwingine Kifaransa, kwa zamu, na hakuna aliyeniita.

Baba mdogo alinigeukia. "Sasa mwalimu, huko shuleni mnafundishana nini?"

Hakukusudia ubaya. Walicheka kidogo, nami nikacheka nao, kicheko ambacho hata sasa nikikikumbuka natamani kujificha. Nilianza kupanga viti ambavyo havikuhitaji kupangwa.

Walirudi mama akiwa na macho mekundu. Jioni, nikimrudisha sista mjini, nilimwambia sentensi niliyoitunga tangu tulipoondoka: kwamba Kifaransa changu ni kibaya, na ninaona aibu. Alinipiga kofi jepesi mkononi, akasema jambo. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba tena. Alikuwa akisema kwamba dada yangu alikuwa akiongea hivyo hivyo mwaka wake wa kwanza.

Siku hizi sista hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. Nausikiliza mara nyingi kabla ya kwenda nao Muleba, na bado kuna sehemu zinanishinda. Mama husogeza kiti karibu, akasubiri. Nikifika pasipoeleweka namwambia, "Hapa sijui, Mama." Uso unaniwaka moto kila mara.

"Basi," husema, "nipe hayo uliyoyajua."