Brashi ya Mzee Povu

Leo naisema wazi: ile brashi ya kunyolea ya baba ilinitoa roho. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani, mpini wa mti na kichwa cha nywele, basi. Lakini kilinizungusha mitaa yote kama niliyetumwa dawa ya mgonjwa mahututi, na kila nilikokwenda nilirudi na maneno matupu.

Baba yangu alikuwa kinyozi. Watu walimwita Mzee Povu, maana wenzake walipohamia mashine za umeme yeye aligoma katakata. Kwake kidevu hakiguswi na wembe mpaka kipakwe povu kwa brashi, na povu halipakwi mpaka lionjwe. Alilizungusha kwanza juu ya kifundo cha mkono wake mwenyewe, akasikilizia joto lake, ndipo akamgeukia mteja. Likiwa la baridi analimwaga na kuanza upya, hata kama watu wamejaa hadi mlangoni. Vijana walimcheka sana, na vijana hao hao, asubuhi ya harusi zao, walikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti chake.

Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Ulimi kiliuacha, tena mzima kupita kiasi. Nikamhamishia kwangu, chumba cha mbele ninachoshonea nguo, akawa anakaa kwenye kiti cha dirishani na kukosoa pindo zangu kana kwamba aliwahi kushika sindano.

Ndevu zikaota. Chini ya ndevu vikaota vipele, na vipele vikaanza kutoa usaha. Nesi anayekuja kumnyoosha mkono akaniita uani, uso umemkunjamana.

"Dada, hizo ndevu zitoke. Dawa haifiki kwenye ngozi, na vile vidonda vinashuka shingoni. Ukichelewa, huyu mzee tutamlaza."

"Nitamnyoa mimi," nikamjibu. Nilidhani ni jambo la dakika.

Baba akanitazama kuanzia unyayoni hadi utosini. "Uninyoe na nini? Brashi imeng'oka."

Kweli ilikuwa imeng'oka, kichwa cha nywele kimechomoka chote kwenye mpini. Nikamwambia nitampaka povu kwa vidole.

"Mimi si sufuria. Brashi itengenezwe, nitanyoa mwenyewe."

"Baba, mkono wenyewe ndio huo..."

"Nimesema brashi!"

Nikaenda kwa fundi viatu wa kona. Akasugua, akapaka gundi, akafunga kwa kamba ya mpira hadi ikauka. Nikaipeleka nyumbani na maji ya moto na sabuni. Baba akaomba aachwe peke yake. Haukupita muda nikasikia chubwi, brashi iko ndani ya beseni na maji yamemlowesha mapajani.

"Gundi mbovu," akasema, hanitazami. "Inateleza."

Gundi iteleze vipi? Nikampangusa, nikarudi kwenye cherehani. Kesho yake nikaikuta brashi ina kipara upande mmoja. Nikamvaa fundi viatu mbele ya wateja wake, nikamwita tapeli na majina mengine ambayo siyarudii hapa.

"Dada mkubwa," akasema, mdomo umejaa misumari, "gundi hii ikishika soli, soli inamaliza kiatu. Kaulize kwako."

Nikaulize kwangu nini? Nikaondoka nikiwa nimevimba.

Dukani nikakuta wana brashi za plastiki. Baba akaipapasa ile niliyonunua, akasema hiyo ni ya kupakia rangi ukutani. Nikarudi, muuzaji akanipa povu la kopo, eti unabonyeza tu linatoka lenyewe. Baba akabonyeza mara moja, likaruka hadi dirishani, akasema hilo ni la kuzimia moto. Mimi huku nashona sare za shule za watu, kazi zimerundikana hadi kitandani, na kile kidevu kinanuka. Jamani, nilichoka. Usiku sikulala kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, maana kidonda kimoja kilishafika kwenye koo.

Mwisho ile brashi nikampelekea seremala, yule mwenye mashine ya kukereza miguu ya vitanda, nikamwambia kabisa ikitoka tena nitamla mzima. Huyo alifanya kazi ya kweli. Alipanua tundu la mpini, akazifunga nywele kwa uzi wangu mwenyewe uliopakwa nta, akazipandikiza, akavuta mbele ya macho yangu hadi mishipa ikamtoka. Hakuna unywele uliotoka.

"Hii itatuzika sote," akasema.

Siku ya pili, kipara. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia.

"Hii brashi imelogwa? Eti baba, imelogwa?"

"Mafundi wa siku hizi," akasema na kutazama nje.

Wiki hiyo nilikuwa hata kwenye kufua nakutana na nywele za brashi, zimejaa mfuko wa shati lake. Nikajua zinapukutika na kuangukia humo. Nikasema leo ni leo, seremala namleta hapa kwa ukosi aje ajionee. Nikatoka mbiombio, na nilipofika njiani nikakumbuka simu nimeiacha jikoni. Nikarudi kwa mlango wa nyuma.

Nikamwona kupitia upenyo wa pazia. Ameibana brashi katikati ya magoti, na kwa mkono wa kushoto anang'oa unywele mmoja mmoja, anautia mfukoni. Akasita. Akaichukua brashi, kavu vile vile, akaizungusha taratibu juu ya kifundo cha mkono wa kulia, kama anaonja povu. Kisha akaulaza mpini kwenye kile kiganja na kukisubiri kijifumbe. Vidole havikusogea. Akavikunja kwa mkono mwingine, kimoja baada ya kingine, na alipoviachia vikafunguka, brashi ikamwangukia mapajani. Akairudisha magotini, akaendelea kung'oa.

Nilisimama pale na hasira yangu yote, nisijue nimtupie nani. Nililia, sifichi. Nilipojifuta nikatoka tena polepole, nikazunguka hadi mlango wa mbele, nikaingia kwa kishindo.

"Baba, seremala kashindwa! Anasema mpini wenyewe umechoka."

Akashusha pumzi. "Si nilikwambia? Bure kabisa hao."

"Bure kabisa. Sasa mpaka tupate brashi ya maana, itabidi nikunyoe hivi hivi kwa vidole. Kwa muda tu."

Akakitazama kile kiganja cha kulia.

"Kwa muda tu?"

"Mpaka brashi ipatikane."

"Basi lete maji."

Nikaleta. Nikalionja povu kwenye kifundo changu, akanikemea. "Siyo kwako! Kinyozi ni nani hapa?" Akaninyooshea mkono wa kushoto, nikampaka, akafumba macho. "La baridi. Mwaga." Nikamwaga. Lilimridhisha la tatu, na alinikosoa kwa kila mpito wa wembe, hadi shavu la mwisho.

Vidonda vilipoanza kukauka, seremala akaja mwenyewe mlangoni, kumbe jirani alimwambia brashi imeota kipara tena, na vile vitisho vyangu vya siku ya kwanza vilimkaa rohoni. Mkononi ana brashi mpya kabisa, mpini umekerezwa ukang'aa, nzuri sijapata kuona. Nikamsukuma nje kidogo.

"Irudishe," nikamnong'oneza.

"Ala! Dada, si ulitaka kunila mzima kwa ajili ya brashi?"

"Irudishe, nakuomba. Nitakueleza."

Sauti ya baba ikatoka dirishani. "Nani huyo?"

"Seremala, baba. Anasema bado hajaweza."

Baba alikuwa anajipapasa kidevu laini kwa mkono wa kushoto. "Mwambie asiharakishe," akasema.