Hilaria, Mtamba na Riba ya Jirani

Saa nne asubuhi, jua limekwisha kukolea juu ya nyaya za kuanikia singa za mkonge huko Ngombezi. Hilaria anakung'uta fungu lililolowa, analitandaza, anasogea hatua moja, anashika jingine. Kila baada ya fungu jicho lake linateleza hadi mstari wa pili, kwa Grasiana.

"Yule anaimba," anasema kwa sauti ya chini. "Mwenye riba kubwa haachi kuimba."

Grasiana ni jirani yake kambini. Walianza kazi siku moja, mwaka 1951, na wote hulipwa shilingi ishirini na mbili kila wanapomaliza kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi. Wote waliweka akiba Posta ya Korogwe, ambako kila shilingi mia huzaa mbili na nusu kwa mwaka. Mwaka jana Grasiana alizitoa zake akazipeleka kwenye chama kipya cha akiba mjini. Huko, mia huzaa nne.

Tangu hapo Hilaria hana raha. Akiba yake ni shilingi mia na ishirini, miaka minne ya kujinyima. Kwa akiba kama hiyo hiyo, jirani anamzidi shilingi moja na senti themanini kwa mwaka.

"Si senti zinazoniuma," anakiri. "Ni namna anavyonisalimia."

Grasiana humsalimia kisimani, mbele za watu: "Shoga, hela zako bado zimelala? Zangu zinazaa mapacha!"

Lakini fedha za Hilaria zina kazi yake. Mzee Parsimei, mfugaji wa Handeni, amekubali kumwuzia mtamba mwenye mimba kwa shilingi hizo hizo mia na ishirini.

"Baada ya miezi miwili namleta mnadani Korogwe," alimwambia. "Usipokuwa na fedha mkononi, anakwenda na mwingine."

Hilaria ana kishamba Makuyuni. Bila ng'ombe wa kuanzia maisha huko, anasema, atazeekea kwenye nyaya.

Wiki iliyopita wivu ulimshinda. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kipande kimoja tangu aagane na mzee, akahesabu kwamba bado mwezi mzima. Chama nacho hutaka taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kutoa fedha. Basi azihamishe, atoe taarifa siku hiyo hiyo, azipate kwa ajili ya mnada, na Grasiana anyamaze. Akashika njia hadi Posta.

"Shikamoo, mama," karani Mdoe alimpokea. "Unatoa zote?"

"Marahaba, baba. Zote. Nazihamishia chama. Mwezi ujao nazitoa, nanunua ng'ombe."

"Mlipatana lini na mwenye ng'ombe?"

"Jumatatu ya Pasaka."

Mdoe akageukia kalenda ukutani, akahesabu kwa kidole.

"Mama, zimebaki siku tisa."

"Tisa? Mbona nimemaliza kipande kimoja tu!"

"Kipande kilisimama kwa mvua. Mwezi haukusimama."

Wakati wa masika singa hazianikwi kila siku, na siku isiyo na kazi haiandikwi kwenye kadi. Siku thelathini za Hilaria zilikuwa zimekula hamsini na mbili.

"Machozi yalinitoka pale pale dirishani," anasimulia. "Ningesema ni kwa ajili ya ng'ombe, ningekuwa mwongo. Nililia kwa kuwa Grasiana angebaki na nne yake."

Akarudi kambini bila kuhamisha hata senti.

Fedha atazitoa Ijumaa, na Jumamosi alfajiri atakuwa mnadani. Ndama akizaliwa, atauza maziwa hapa kambini na kuanza akiba upya. Ataiweka Posta au kwenye chama? Hajaamua. "Nikihama, nihame kwa ajili yangu," anasema.

Na wivu je? Anacheka, kisha anaacha kucheka.

"Upo, nisikudanganye. Lakini Grasiana anapenda chai ya maziwa. Nitamwuzia kwa bei ya watu wote. Ila chupa ailete mwenyewe, nimwone akija mpaka mlangoni kwangu."