Usichomoe Kwanza

Wewe unayenisikiliza, ukinusa vumbi lililopashwa joto na kompyuta kuukuu, unakumbuka nini? Mimi, leo asubuhi, harufu hiyo ilinirudisha utotoni, mjini Nkubu, katika chumba ambamo anti yangu aliwapigia watu taipu.

Siku moja alikuwa akiandika kwenye kompyuta historia ya maisha ya nyanya yangu, ambaye tungemzika siku iliyofuata. Radi ikapiga upande wa mlima. Nyumbani radi ikipiga tulichomoa redio mbio, kwa hiyo nikaurukia waya wa kompyuta.

"Wacha kwanza," anti akasema bila kuinua sauti. "Unataka nyanya yako azikwe bila historia?"

"Lakini radi, anti."

"Na ingoje. Mgeni akitaka kutoka kwetu, huondoka tu hivyo?"

"Hapana, tunaomba Mungu kwanza."

"Basi."

Akanieleza kwamba yale maneno bado yalikuwa kichwani mwa mashine, na kichwa hicho husahau yote umeme ukikatika. Akayahifadhi, kisha akaiagiza ijizime. Ikaziambia programu zake zimalize, ikaandika kwenye diski yaliyobaki, polepole, ikikwaruza ndani kama kuku anayepekua. Nikaishika plagi, nikangoja. Mwishowe kioo kikawa cheusi, na maandishi ya rangi ya chungwa yakasema sasa ni salama kuzima.

"Haya, chomoa."

Kaburini historia ilisomwa yote, hata majina ya ng'ombe wake, na watu wakacheka huku wakilia.

Nawe ukimaliza kazi, ihifadhi, iagize kompyuta ijizime, halafu ngoja inyamaze kabisa ndipo uchomoe waya.