Mchezo Tuliotunga Kwenye Mistari ya Kahawa

Majina yao wote ninayo kichwani, wa laini ya juu na wa laini ya chini, lakini hapa siyaandiki. Wajukuu zao bado wako Witeithie, tunakutana kanisani, na tena habari yenyewe ilianza kwa jina.

Hiyo miaka ya hamsini nilikuwa msichana, sijaolewa, nachuma kahawa kwenye shamba la mzungu karibu na Ruiru. Katika laini, yaani zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu moja, jirani yangu alikuwa mama kijana aliyenipita miaka michache tu. Yeye ndiye aliyetunga mchezo wa kwanza niliouona maishani, na mimi nikacheza ndani yake. Shule hakuwa nayo nyingi kunishinda, na huo mchezo hakuuandika hata mstari mmoja. Nimeona mingi tangu hapo, mingine ya watu waliosomea kazi hiyo, na bado nikiulizwa ni nani aliyeijua, nasema ni yeye.

Mume wake alikuwa ameenda Nakuru kuendesha trekta. Mimba ikiwa imekua, yule mama akapata habari kwamba mama yake mzazi ni mgonjwa sana huko Thika, Makongeni. Akaenda kumwona, na uchungu ukamshikia huko huko, akazaa msichana. Sasa, kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Anapewa jina lake, na huyo nyanya ni kama amezaliwa tena. Hilo halina mjadala. Wa pili ndiye wa mama ya mama. Lakini mama yake alikuwa amelala hapo kando anapumua kwa shida, na binti akamwita mtoto kwa jina la huyo mgonjwa, ili asikie kabla hajaenda. Alisikia. Wiki hiyo hiyo wakamzika.

Aliporudi Ruiru, mama mkwe wake alikuja na uji kwenye kibuyu kumwona mtoto. Akauliza jina, akaambiwa. Akaweka kibuyu chini, akatoka bila kusema neno.

Hawakugombana. Walisalimiana, walilima pamoja. Ni mtoto tu ambaye mzee, yule mama mkwe, hakumwona. Alipoanza kutembea, mtoto alikuwa anamwendea na mikono juu, na mzee anampita kama anapita kigoda. Hapo ndipo jirani yangu alipoumia. Wazee wa kanisa walienda kumsihi, wakarudi wakiangalia viatu vyao.

"Mimi aninunie tu," aliniambia. "Lakini huyu mtoto nyanya mmoja amekufa, na huyu mwingine yuko hapo, na hana hata mmoja. Mimi nataka amshike. Basi."

Krismasi ikakaribia, na mchungaji akauliza ni nani atatayarisha kitu cha kuonyesha watu kanisani. Jirani yangu akasema atatunga mchezo. Siku hizo za hali ya hatari watu hawakukusanyika ovyo, lakini kwa kuwa ni kanisa, ruhusa ilipatikana. Ukawa wa Kiswahili, kwa sababu laini yetu ilikuwa na Wakamba na watu wa kutoka magharibi.

Tulifanya mazoezi tukichuma, kila mtu kwenye mstari wake wa miti, tukirushiana maneno juu ya kahawa. Nyapara alidhani tunagombana. Mwanzoni mama mkwe wa kwenye mchezo alikuwa mbaya kabisa. Kila mwanamke alileta kisa cha mama mkwe wake, mmoja akasema wake hunusa sufuria kabla hajasalimia mtu. Tulicheka mpaka kahawa zikamwagika.

Kesho yake jirani yangu akasema huo tuuache. "Ni umbea wa kupigiwa makofi," akasema. "Nikiusikiliza, mimi mwenyewe sijui huyu mzee amekasirikia nini."

Akaanza upya. Akanipa mimi nafasi yake, niwe mke aliyezaa, na yeye akachukua ya mama mkwe. Wanawake wakamcheka, wakamwuliza kama amekwisha kuzeeka. Hakujali. Akawa anamwangalia mzee wakilima, anavyosimama, anavyojishika kiuno akitaka kukataa jambo. Sote tulijua kwamba yule mzee alizaa wavulana watupu, na wale wavulana wengine nao wakazaa wavulana watupu. Yule mtoto wa Makongeni alikuwa msichana wa kwanza katika boma lile. Tulijua, lakini hatukuwa tumekaa tukalifikiria. Yeye alilifikiria kila siku akichuma, kikapu cha kahawa kimefungwa tumboni.

Mimi nilitaka sana kulia kwenye kifo cha mama, mle mchezoni. Nilikuwa nimejiandaa, machozi yakija nikiyaita. Akakiondoa, akabakisha maneno machache tu ya kusema kwamba mgonjwa amelala. Nikanuna, nikamwuliza kwa nini anatupa pahali pazuri hivyo.

"Nikiweka kile kifo, watu watanihurumia mimi," akasema. "Na yeye atakuwa amekaa pale kwenye benchi anahukumiwa. Simwitii hukumu."

Jambo moja akaliongeza. Mama mkwe wa mchezo akishaweka kibuyu chini, alikuwa na maneno ya kusema. Nikamkumbusha kwamba yule wa kweli hakusema kitu. Akajibu, "Kwa nyumba hakusema. Lakini kutoka kwangu mpaka kwake ni mbali."

Krismasi ikafika, kanisa la mabati likajaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Mzee alikaa mbele na wazee wenzake. Tulikuwa tunaambiana kwamba Kiswahili chake ni kidogo, pengine hataelewa. Alielewa kuliko tulivyodhani. Jirani yangu aliingia ameinama, kibuyu mkononi, na hakuna aliyecheka, kwa maana alikuwa ni yeye mzee kabisa, hata pumzi. Akaniuliza jina la mtoto. Nikamwambia. Akaweka kibuyu chini, akatembea polepole kuzunguka kanisa, peke yake, halafu akasema:

"Basi mimi nikifa, nani ataniita?"

Kisha mzee akasimama kutoka kwenye benchi, akasema kwa Kikuyu, bila kupaza sauti, "Sikusema hivyo mbele yako."

Mchungaji akataka kumkalisha. Jirani yangu akamwonyesha mkono asimguse.

"Hukusema, mama," akajibu.

"Niliyasema njiani. Nilikuwa peke yangu. Nani alikwambia?"

"Hakuna mtu, mama. Niliitembea hiyo njia."

Mzee akaja mpaka niliposimama. Mimi nilikuwa na yule mtoto mgongoni, maana ndiye aliyekuwa anacheza mtoto. Nilihisi anafunguliwa leso. Mzee akamsimamisha sakafuni, akajipangusa mikono kwa nguo, akamsalimia kwa mikono miwili, kwa adabu kama anavyosalimiwa mtu mzima, kwa sababu mwenye jina hilo alikuwa mama ya mke wa mwanawe.

"Mkwe wangu," akamwambia, "habari za Makongeni? Tumekaa sana bila kusalimiana."

Kanisa lote likacheka, na wengine walicheka wakifuta macho. Mwisho tuliokuwa tumeufanyia mazoezi hakuna aliyeuona mpaka leo. Mzee akambeba mtoto, akaelekea mlangoni hata sala ya mwisho haijaombwa. Akampita jirani yangu, ambaye alikuwa bado ameinama, amesahau kujinyoosha.

"Mwambie kijana wangu aache hiyo trekta aje nyumbani," akamwambia. "Wa pili ni wangu."