Saini kwenye Mlango wa Stoo

Jimbo la Harkdale halipo tena, msijisumbue kulitafuta. Mabwana walikuja na ramani zao, wakalikata mapande mawili, wakawagawia majirani wa mashariki na wa magharibi, basi. Historia yake yote ya uchaguzi ninayo mimi, imeandikwa kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa stoo ya chakula ya shangazi yangu Nora Tordoff. Mlango huo niliung'oa kwa mikono yangu siku walipotaka kuupaka rangi, na aliyenizuia aliambulia matusi.

Mstari wa kwanza ni wa mwaka 1918, jimbo lilipozaliwa na bibi yangu akapiga kura kwa mara ya kwanza. Mwaka 1931 tulishindwa kwa kura elfu tatu, na penseli imekandamizwa mpaka ubao umechimbika. Mwaka 1945 tulishinda kwa elfu tisa, shangazi akaandika kwa rangi ya mdomo, ile moja aliyoibania vita nzima. Tangu alipoolewa, kando ya kila mstari pana saini: E. Tordoff.

Mzee Ezra, mumewe, alikuwa mpima makaa mgodini. Kila toroli lililotoka chini alilipima, akaandika uzito, akatia saini, na mwenye mgodi asingeweza kumdhulumu mchimbaji hata kilo moja. Alikuwa akisema karatasi isiyo na saini ni ya kufungia samaki wa kukaanga. Hata kituo cha kura akitoka, alitwambia vilevile: "Nimetia saini, nimemaliza." Tulicheka. Tulidhani ni maneno yake ya kazini tu, mzee wa watu.

Kufikia uchaguzi wa 1979 vumbi la makaa lilikuwa limemmaliza mapafu. Siku mbili kwa wiki tulimpeleka hospitali ndogo ya bonde kuvuta hewa ya mtungi, na akirudi aliweza kula na kututania. Sasa serikali ilitaka kuifunga. Bwana Dunning wa chama chetu aliapa ataipigania. Bi Fairclough wa upande wa pili alisema wagonjwa wapande basi waende mjini, maili ishirini na mbili. Ezra hata ngazi za nyumbani alikuwa hazimalizi! Kwa hiyo msiniambie siasa ni maneno. Kwetu ilikuwa pumzi ya mtu.

Shangazi alitembea miezi miwili, nyumba kwa nyumba, na viatu vikamtoboka. Alibeba karatasi za mfano, akawakalisha vikongwe jikoni na kuwafundisha: msalaba mmoja tu, mpenzi, usiongeze kingine. Bonde zima alilifundisha. Mumewe hakumfundisha. Angemfundishaje mtu aliyekuwa akipiga kura tangu 1931? Siku yenyewe jirani yetu Wilf Capstick alimsukuma Ezra kwa kiti cha magurudumu mpaka kituoni, na mzee akatoka amejaa furaha.

Kura huku kwetu zilihesabiwa kesho yake mchana. Wakala wetu alikuwa amevunjika nyonga, kwa hiyo Nora akaingia ukumbini badala yake, kwa mara ya kwanza maishani. Hesabu ikatoka: Bi Fairclough amezidi kwa kura moja. Moja! Ikarudiwa, moja. Ikarudiwa tena, moja. Wangelingana, msimamizi angechomoa jina kutoka kwenye kofia, na mgonjwa wetu angekuwa na nusu ya bahati.

Zikabaki kura zenye mashaka. Msimamizi aliziinua mojamoja mbele ya mawakala. Moja ilichorwa samaki, ikatupwa. Ya pili haikuwa na kitu. Ya tatu ilikuwa na msalaba safi mbele ya Dunning, na chini yake, kwa mwandiko wa kulalia kushoto, saini.

"Hii ina jina la mpiga kura," msimamizi alisema. "Sheria hairuhusu. Kuna pingamizi?"

Shangazi aliniambia baadaye kwamba mwandiko ule aliutambua papo hapo. Sheria aliijua, yeye ndiye aliyeifundisha. Alitaka kusema huyu ni mume wangu, anakufa, mhurumieni, lakini akajizuia. Kisha akakumbuka "nimetia saini, nimemaliza," akaanza kuhesabu kwa vidole. Chaguzi kumi na tatu tangu 1931. Mtu aliyebishana siasa maisha yake yote, aliyefukuzwa baa kwa ajili ya chama, hakuwahi kuhesabiwa hata mara moja.

"Hakuna," akajibu.

Tulimkuta Ezra ameketi kitandani, nywele amechana. Alipoambiwa ni kura moja alikohoa mpaka midomo ikamgeuka rangi, kisha akawaka.

"Nani huyo aliyekaa nyumbani? Eh, Nora? Mnipe jina lake. Mtu mzima unaletewa penseli mkononi, msalaba mmoja unakushinda?"

Shangazi alikuwa amenipa mgongo, akikunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. Wakati ule sikuelewa.

"Sijui, mpenzi," alisema.

"Basi mimi langu nimelifanya. Nileteeni mlango wangu."

Tuliutoa kwenye bawaba, mimi na Wilf, tukauegemeza kitandani. Shangazi aliandika idadi za kura za mwisho za Harkdale. Ezra alishika penseli, akavuta pumzi mara tatu, akatia saini yake polepole, ikalalia kushoto. Akaitazama, akamrudishia mkewe penseli.

"Weka tarehe, mke wangu," alisema. "Isije ikakataliwa."

Shangazi Nora akaweka tarehe.