Niliwaambia wateja mzigo umeisha, kumbe naogopa ngazi

Wakuu, salaam. Mliotutangulia kiumri humu, shikamooni. Haya yamenikuta mwenyewe na chumvi sijaongeza, maana hata daktari kanikataza.

Mimi ni Mchaga wa Kariakoo, nauza mabegi ya shule kwa jumla. Duka liko chini, stoo iko ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo letu ni pambo.

Wa Kariakoo mnaelewa: chini unaweka sampuli, mteja akikubali bei unapanda kuleta mzigo.

Mwaka jana moyo ulinizingua hapo hapo ngazini, bando la mabegi likiwa begani. Nikalazwa, nikatibiwa, nikarudi nyumbani Ilala. Daktari akasema dawa ninywe kila siku, nitembee, na ngazi ruksa ila taratibu.

Nikamwitikia vizuri kabisa. Kisha nikaamua sitapanda ngazi tena maishani.

Sasa mwanaume mzima utasimamaje Kariakoo useme unaogopa ngazi? Mke wangu akiwepo anapanda yeye. Akiwa hayupo na mteja kashachagua begi, namwambia mteja, "Dah, mzigo umeisha bosi. Cheki wiki ijayo."

Mzigo wenyewe umejaa juu mpaka unagusa dari!

Nikapata sifa mtaani kwamba mabegi yangu hayakai dukani. Jirani yangu, ambaye wateja wote niliowafukuza walikuwa wanaishia kwake, akaja kuniuliza chimbo langu, mzigo unaoisha hivyo nautoa wapi. Nikamjibu kwa majivuno, "Siri ya biashara."

Halafu kidole hakitoki kwenye mshipa wa mkono, nahesabu mapigo ya moyo. Mteja anaomba punguzo, mimi natazama saa. Wengi waliondoka wakidhani nawaharakisha.

Kulala nako nalala nimekaa kwenye kochi, kwa imani kwamba kifo kinachukua waliolala chali. Nilikuwa naogopa sana, wakuu, na sikumwambia mtu.

Kumbe mke wangu, Mama Neema, alikuwa anaona yote, ila hakugombana na mimi. Siku ya kliniki akamweleza nesi kila kitu, mimi nikiwepo. Nesi akasema pale kuna mshauri wa saikolojia anayekutana na wagonjwa wa moyo kwa kikundi.

Nikachukia. "Sista, mimi naumwa moyo, kichwa kizima."

"Hofu nayo ni ugonjwa, baba. Nenda ukasikilize tu."

Nikaenda, nikakaa karibu na mlango ili nikimbie vizuri. Akasimama mama mmoja wa Kihindi wa Upanga, mstaafu wa benki, sari yake imenyooka. Akasema tangu atoke hospitali analala kwenye kochi, anaogopa akijinyoosha hataamka.

Nilicheka kwa sauti. Watu wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo kuomba radhi, machozi yakanitoka, mimi niliyezoea kufokeana na makuli.

Yule mama akanipa leso. "Na wewe kochi, baba?"

"Na mimi kochi, mama."

Mshauri akanieleza kwamba hofu hii huwapata wengi baada ya moyo kuugua, na kwamba inatibika. Nikawa nahudhuria. Baadaye, daktari akikubali, tukapanga siku ya kujaribu zile ngazi.

Siku hiyo Mama Neema alifunga duka akanifuata nyuma. Nikapanda ngazi moja moja, jasho kama kuli.

Kwenye kona ya kwanza nikakuta kiti cha plastiki, kimefungwa kwenye chuma cha ngazi kwa kamba ya kufungia mabelo ya mizigo, maana Kariakoo ni Kariakoo. Nikakaa. Kona iliyofuata, kiti kingine. Mlangoni pa stoo, kingine. Vyote vina vumbi.

"Nani kaweka viti huku?"

"Mimi," akasema. "Tangu wiki uliyotoka hospitali. Nilijua ipo siku utapanda."

Miezi yote ile najiona mjanja! Nikakaa pale nikalia tena, safari hii bila leso.

Funzo langu: wakikutibu moyo, ulizia na mshauri anapatikana siku gani. Usisubiri mpaka umtajirishe jirani.

Wenye moyo kama wangu humu na mnaouguza, nyie mnalala wapi? Semeni, hapa hakuna wa kumcheka mwenzake. Mimi nimerudi kitandani.

Na wanaotaka mabegi waje. Mzigo upo, nitaufuata mwenyewe, ila mtanisubiri kidogo. Kuna viti vitatu njiani na vyote nakaa.