Siku Salome Alipochagua Uchumi na Hisabati

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, unachokichoma tumboni mwa gunia kikatoka na punje. Bwana Ghala wa chama chetu cha msingi cha ushirika pale Mkiwa, Mzee Nkuwi, akaniambia, "Gunia linadanganya juu, kijana. Choma chini." Nilikuwa na darasa la saba tu, lakini kuchoma chini niliweza. Alizeti kavu ukiitikisa kiganjani inalia; mbichi inanyamaza. Iliyolia tuliipandisha kwenye mizani, na mkulima alisimama upande wa kusomea, si nyuma. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Nkuwi, na ole wako uivunje.

Baadaye nilihamishiwa Ikungi, kwenye ghala la Chama Kikuu, chini ya Meneja. Jina lake nalitaja: Petro Mwiru. Magari ya chama yalibeba mizigo ya shemeji zake huku alizeti ya wakulima ikiozea vituoni. Soko huria lilipotangazwa, alisimama mbele yetu ukumbini pamoja na bwana mmoja wa tai kutoka mjini, tuliyeambiwa ni mchumi. Mchumi akasema wanunuzi wakiwa wengi watagombania mazao, bei itapanda yenyewe. Tukapiga makofi. Baada ya makofi tukapunguzwa kazi, na Mwiru akaibuka na kampuni yake ya kununua alizeti. Tangu hapo hata neno lenyewe, uchumi, likinifikia sikioni nilitema mate.

Nikarudi Mkiwa kuwa mpimaji wa kibarua kwa huyohuyo Mwiru. Ningefanyaje? Baba alikuwa ameshafariki, na mdogo wangu Salome alikuwa kidato cha sita, mchepuo wa uchumi, jiografia na hisabati. Likizo alimsaidia mama mkubwa kwenye mgahawa wake pale njia panda. Mwiru alimwona huko, akanivuta pembeni.

"Eliya, dada yako ana kichwa. Akienda chuo kikuu asome uhasibu. Akimaliza, kiti cha mhasibu kwenye kampuni yangu ni chake."

Nilimchukia yule mtu, lakini kiti ni kiti. Jioni ile nilimwambia Salome aandike uhasibu kwenye fomu.

"Kaka, mimi nataka digrii inayochanganya uchumi na hisabati."

"Uchumi? Uwe kama yule wa tai?"

"Kesho asubuhi njoo unywe chai," akasema.

Nilikwenda. Wanunuzi watatu walikuwa meza moja, Mwiru katikati, wanakula chapati. Kila siku niliwaona hivyo, nikajua ni watu wenye njaa tu. Walipomaliza, kila mmoja alikwenda kwenye gari lake na mizani yake, na wote wakataja bei moja. Mkulima akikataa hapa, alitembea hadi pale akakuta ileile, akarudi kwa wa kwanza, ambaye sasa alimtajia bei ya chini zaidi.

"Yule mchumi alihesabu wanunuzi," Salome akaninong'oneza. "Hakuhesabu meza."

"Na wewe utaihesabu?"

"Nataka kujua wafike wangapi ndipo washindwe kupatana. Na kwa nini mmoja hawageuki wenzake, akapandisha bei achukue mzigo wote. Mwalimu wetu anasema hayo yana hesabu zake, ila ziko chuo kikuu."

Mwiru alirudi kuchukua kofia aliyoisahau.

"Shikamoo, baba," Salome akasema.

"Marahaba. Umeshaandika uhasibu?"

"Bado. Kuna uchumi na hisabati pia. Namsikiliza kaka."

"Hisabati! Utaolewa na nani, ubao?"

Watu wakacheka. Mama mkubwa akajibu kutoka jikoni, "Heri ubao, haulewi!" Wakacheka zaidi, na Mwiru akanigeukia. "Eliya, mwambie mdogo wako. Au kibarua umekichoka?"

Nilimtazama Salome. Hakuniomba kitu, alikuwa anakunja tu kitambaa cha meza. Nikasema, "Atasoma uchumi na hisabati, Meneja." Siku hiyohiyo nilikabidhi mizani yake.

Nikanunua mizani yangu kuukuu, nikawa napima mizigo ya watu sokoni Ikungi. Salome akaenda chuo kikuu, na leo anafundisha. Ninyi mnaochagua masomo sasa msiniulize, mimi sikusoma. Mgongo wangu umegoma kabla ya umri na kiinua mgongo cha Chama Kikuu sijakiona mpaka leo. Lakini mkitaka kujua kazi hii ilinipa nini, nitawatajia siku moja.

Salome alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Nilikuwa naning'iniza mizani sokoni nikaletewa habari kwamba kampuni ya Mwiru imeanguka. Mzigo wa watu haukuonekana, yeye amekimbilia kwa shemeji yake, na polisi wamemchukua mhasibu, binti mdogo tu aliyekuwa anaweka sahihi alipoambiwa aweke. Nikakaa juu ya gunia. Mteja wangu akaweka chini mzigo wake, akavua kofia.

"Pole, kaka. Umefiwa na nani?"

"Hakuna," nikamwambia. Nikashusha pumzi, nikasema tena. "Hakuna wa kwetu."